Gereji ya Katwe iliyonigeuzia shokapu kichwa chini

Nilitaka kuisifu kidogo gereji hii, maana mwishowe kelele ya pikipiki yangu iliisha. Lakini kila nikimkumbuka yule mkubwa wao, damu inachemka. Jina lao naliacha. Ni Katwe, na wanaokaa Kampala wanajua Katwe ina mafundi wa kila namna.

Pikipiki yangu, Boxer, imebadilishwa kwa ajili ya magunia. Nyuma nimefunga tairi pana na shokapu nene za pikipiki kubwa, mtumba lakini nzima. Pikipiki ikisimama tupu, kidole kinapita vizuri kati ya shokapu ya kushoto na kava ya cheni. Pakia mahindi, gonga tuta moja tu pale Bugiri, utasikia krrr! Chuma kwa chuma.

Mkubwa hakuinama hata kuangalia. Alishika grenda. "Ssebo (yaani bwana), kazi hii nilianza wewe ukinyonya." Kiswahili chake cha kambini, kila neno amri. Akakata kava, sasa cheni inanitemea matope na mafuta kwenye suruali. Kelele bado ipo. Akasema basi tuigeuze shokapu, ile ringi ya kukazia springi ikae juu, mbali na kava.

Jamani! Shokapu hizi za kawaida za mafuta zina hewa ndani. Ukizigeuza, hewa inapanda mahali pa valvu na mafuta hayazuii tena kitu. Inabaki springi tupu. Kutoka Lugazi mpaka Jinja nyuma ilirukaruka kama mbuzi wa sikukuu, malori yananipita msitu wa Mabira, mimi naomba Mungu tu.

Niliporudi, mkubwa alikuwa kwenye benchi anakula rolex, ile chapati ya kukunjia mayai. Hakusimama. "Dereva kazi yake kuendesha. Kufikiri ni kwa fundi." Akageukia chapati yake. Mbele ya watu! Hapo ndipo niliapa sitakanyaga tena.

Kumbe anaye kijana mmoja wa kushika spana, mpole, hata mwaka sidhani kama anao pale. Mkubwa alipoondoka kutafuta vipuri, kijana akaniambia, "Kaka, lete nikuoneshe." Aliweka pikipiki juu ya gogo, akatoa springi kwenye shokapu, akairudisha bila springi, sawasawa na inavyotakiwa, kisha akainua gurudumu polepole kwa mikono hadi mwisho. Tukaona wote. Gurudumu likipanda, shokapu inabadilisha mlalo wake, na ile ringi inasogea mpaka inagusa kava. Ndiyo maana ikiwa tupu kidole kinapita! Akaona pia bolti ya madigadi imetokeza kwa ndani karibu na tairi, akaigeuza kichwa kikae ndani.

Dawa yake ilikuwa washa nene, zile pete za chuma za kuvalisha bolti, ili shokapu isogee mbali na kava: juu na chini, kwa unene mmoja. Ukiweka juu tu, shokapu inakaa upande na bushi, zile raba za kwenye matundu ya bolti, zinaliwa. Na pale chini akatafuta bolti ndefu zaidi, maana washa imekula nafasi na nati ilikuwa inashika nyuzi chache. Akainua tena gurudumu, akapitisha kidole toka chini hadi juu. Huyo ndiye fundi.

Sasa nashuka matuta na mzigo, kimya kabisa. Kwa hiyo niseme gereji ni nzuri? Hapana! Mkubwa aliporudi alipokea pesa yote kwa mkono wake, akadai na bei ya washa, na ya kava aliyoikata yeye hakuigusia. Yule kijana nilimpa chai yake pembeni, kwa siri.

Ukienda huko, chungulia kwanza langoni. Ukimwona mzee kwenye benchi, endelea na safari. Akiwa hayupo, ingia haraka umtafute kijana.