Harmony Sovereign au Martin D-28: magitaa mawili makubwa, sauti mbili

Kwa nje yanafanana: mwili mpana, nyuzi sita za chuma. Tofauti imefichwa chini ya ubao wa juu, kwenye fito zinazouimarisha. Ndani ya Martin D-28 fito kuu hupishana kama herufi X. Ndani ya Harmony Sovereign H1260, iliyotengenezwa Chicago, hulala sambamba kama vipago vya ngazi.

D-28 hutoa besi nzito, na sauti hudumu baada ya kidole kuondoka. Kwa kusindikiza mwimbaji kwa akodi pana, sina ubishi nayo.

Lakini mimi ni wa Sovereign. Noti hutoka kwa kishindo, kavu, kisha hunyamaza upesi na kuiachia nafasi inayofuata. Ukicharaza bluzi kwa vidole, kila uzi husikika peke yake, na mwili ule mkubwa huipa sauti kifua ambacho magitaa madogo ya ngazi hayana. Lead Belly, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, alipiga gitaa kubwa la chapa ya Stella, la nyuzi 12, lenye fito za ngazi hizohizo. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, naye alitumia Sovereign.

Harmony yalikuwa magitaa ya bei nafuu, na hata sasa kuukuu lake halifikii bei ya D-28 ya zamani. Ila kagua shingo na daraja (kibao kinachoshikilia nyuzi mwilini) kabla ya kulipa: fito za ngazi huzuia mvuto wa nyuzi kwa shida zaidi, ubao hufura, na kurekebisha pembe ya shingo ni gharama. Tumia nyuzi nyembamba.