Mizani ya mfukoni ya gramu 200: inamfaa mnunuzi wa rupia na reale za zamani?

Sarafu za fedha za Ulaya ambazo mtu wa Mtwara, Mikindani au Lindi ana nafasi kubwa ya kuletewa mkononi ni mbili: reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780, na rupia ya Mjerumani yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm II, iliyoanza kuchapwa 1890. Zote mbili zinaghushiwa. Kwa hiyo tunaikagua hapa ile mizani ndogo bapa ya kidijitali, yenye mfuniko, inayobeba hadi gramu 200 na kusoma hadi 0.01. Huuzwa kwa chapa nyingi na kwa kazi hii chapa si hoja. Hoja ni hiyo 0.01. Ile ya gramu 500 inayosoma 0.1 iacheni dukani, hata ikiwa na sura nzuri zaidi.

Kwa uzito wa kawaida mizani hii haina shida. Rupia isiyochakaa ina gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1000, na upana wa milimita 30 na nusu hivi. Reale ina gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1000, upana wa kama milimita 40. Sarafu ya kusubu kwa madini mepesi hujulikana hapohapo.

Thamani yake hasa iko kwenye kipimo cha maji. Chukua kikombe chepesi cha plastiki, tia maji hadi nusu, kiweke juu ya mizani. Kikombe na maji visizidi gramu 150. Bonyeza kitufe chenye herufi T isome sifuri. Funga sarafu kwa mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia. Uzi wa pamba haufai, maana unanywa maji na namba inazidi kubadilika. Zamisha sarafu yote, isiguse kitako wala ubavu wa kikombe, kisha soma. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo; jibu ni mara ngapi sarafu inazidi uzito wa maji ya ujazo uleule. Rupia ya kweli hutoa kama 1.13, yaani jibu ni 10.3. Reale hutoa kama 2.75, jibu ni 10.2. Rupia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma 1.31, na jibu litashuka hadi 8.9. Tofauti yote ni 0.18, ndiyo maana mizani ya 0.1 haitoshi. Viputo vya hewa vikinasa kwenye maandishi, namba hupanda na sarafu halali ikaonekana bandia. Tone moja la sabuni ya maji huviondoa.

Mipaka yake sasa. Mizani haikamati bandia iliyotengenezwa kwa fedha halisi, na hizo zipo, hasa za sarafu ya thamani ya rupia mbili ya 1893 na 1894, ambayo ni adimu na ghali. Hapo hakuna ujanja bila lenzi ya kukuza mara 10. Angalia ukingo kwanza. Reale ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka kuzunguka ukingo. Yakiwa yamefifia huku uso bado mkali, au ukiona mstari wa kiungo au mikwaruzo ya tupa, irudishe kwa mwenyewe. Tena usidanganyike na mwaka: 1780 ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, na sarafu hiyo imeendelea kuchapwa kwa tarehe ileile Vienna, na kuna wakati ilichapwa pia London, Paris, Roma na Bombay. Umri wake hausomwi kwenye tarehe.

Uzito na uchakavu lazima vikubaliane. Rupia iliyolika mpaka tai wa kwenye kofia ya chuma hana manyoya inaweza kusoma 11.4 na ikawa halali kabisa. Yenye manyoya makali na masharubu yaliyochongeka lakini inasoma 11.0, hiyo ina kasoro. Reale zilizowahi kuvaliwa kama mkufu ni kesi nyingine: tundu hupunguza uzito, risasi ya kulehemu huongeza, na kipimo cha maji nacho huyumba.

Daraja la sarafu, liwe la maneno au lile la 1 hadi 70 linalotumika sana Marekani, ni kazi ya jicho. Kwenye rupia anza na tai, nyusi na masharubu. Kwenye reale, lulu za kishikizo cha begani na manyoya ya kifua cha tai. Halafu inamishia taa pembeni. Mikwaruzo myembamba ya kila upande, na weupe mkavu huku weusi umebaki kwenye kona za herufi, maana yake imesuguliwa kwa majivu, limau au dawa ya meno. Bei ishuke, hata kama picha ni kali. Inauma kuona rupia ya 1891 ikiharibiwa hivyo kwa nia njema tu ya kuing'arisha.

Kasoro za mizani yenyewe: feni ikiwashwa namba ya mwisho inarukaruka, kwa hiyo zima feni au tumia mfuniko. Betri zikichoka inasoma uongo kabla ya kuzima. Nyingi huuzwa bila jiwe la gramu 100 la kuisawazishia, na bila jiwe hilo huwezi kujua kama imehama. Linunue siku hiyohiyo. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hutia kutu vishikio vya betri, kwa hiyo zitoe usipoitumia na uiweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Sarafu zenyewe usizitie humo kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC. Huacha utando wa kijani. Bahasha za karatasi zisizo na asidi zinatosha.

Kwa anayenunua kwa ajili ya kuhifadhi au kuuza tena, ichukue pamoja na jiwe na lenzi. Kwa anayetaka tu kujua thamani ya reale moja ya bibi, sonara mwenye mizani nzuri atampimia.