Samani za kale za Lamu: uanze na ipi, uache ipi

Watu wengi wenye nyumba mpya Nairobi au Mombasa wakishuka Lamu kwa likizo huondoka na hamu moja: wapate angalau kitu kimoja cha mbao ya zamani cha kuweka sebuleni, ukuta mweupe nyuma yake. Hamu hiyo si mbaya. Shida ni kwamba dukani vimepangwa bega kwa bega kasha lililorithiwa, kiti kilichotoka kwa fundi mwezi jana, na benchi lililokuwa ubavu wa jahazi, na vyote vinaitwa vya kale. Mimi nimevipanga kwa kuuliza kipi kitakaa vizuri katika nyumba ya leo, na kipi fundi anaweza kukitengeneza bila kukiharibu. Umri wenyewe naupa nafasi ndogo kuliko wauzaji wanavyopenda.

Kabla hujatoa hata shilingi, pita kwanza Makumbusho ya Lamu pale ufukweni, kisha uingie ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho ndani ya Mji wa Kale. Humo utaona vitanda na viti vya kweli vikiwa mahali pake, na jicho likishazoea ni vigumu kudanganywa na kopi ya haraka.

Jambo jingine ni la msimamo: nunua kilichovunjika. Kitu kilichokwisha kung'arishwa ndicho cha kuogopa. Vanishi nzito huficha ufa, hufunika puti iliyojazwa kwenye matundu ya wadudu, na huifanya mbao mpya na kuukuu zifanane rangi. Kilichotupwa nyuma ya karakana, mguu mmoja umelegea na vumbi limejaa, kinakuonyesha kila kitu. Bei yake ni ya chini, na pesa inayobaki unamlipa fundi unayemchagua wewe, kwa kazi unayoiona.

Kasha kwanza

Nafasi ya kwanza naipa kasha, wala sisiti. Halihitaji kubadilishwa chochote ili litumike leo. Mbele ya kochi ni meza, miguuni pa kitanda linahifadhi mablanketi, na droo za chini, kama linazo, zinapokea chaja na risiti kama zilivyokuwa zikipokea vito na udi.

Makasha mengi ya njumu za shaba, yaani misumari ya mapambo yenye vichwa vya shaba, yaliyoko pwani hayakuchongwa hapa. Yaliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengi ni ya msaji au mbao nyingine ngumu za huko. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba kasha la njumu ni "kazi ya Lamu tupu", usigombane naye, ila ujue anasema asichokijua.

Ukilikuta, usianze na nakshi. Liinamishe ulitazame chini. Mbao ya chini haikupakwa kitu na haikushikwa na mikono, kwa hiyo iwe imepauka au kuiva bila mpango, hapa nyeusi zaidi, pale kijivu. Ikiwa rangi ya chini ni sawasawa na ya juu, mtu amepita na brashi. Alama za msumeno nazo zinasema: msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, msumeno wa mashine ya duara huacha mikunjo kama upinde. Angalia na skrubu. Zile za kichwa cha msalaba hazikuwepo kabla ya miaka ya 1930, basi kasha "la karne ya 19" lenye skrubu hizo ama limetengenezwa juzi au limebadilishwa bawaba. La pili si dhambi, lakini lazima lishushe bei.

Tafuta mahali njumu imedondoka. Kwenye kasha la kweli tundu limekuwa jeusi, na pale kichwa cha njumu kilipokaa pamebaki kiduara cha rangi tofauti na mbao inayokizunguka. Kwenye la kughushi tundu ni jeupe ndani na hakuna kiduara. Halafu toa sumaku mfukoni. Shaba haishiki sumaku. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Fungua kifuniko, chungulia pembe: mbao ziwe zimeumana kwa meno, si kugongelewa misumari tu. Utitiri wa misumari mipya kwenye pembe ni dalili kwamba meno yamekatika.

Shaba ikiwa imefifia, ukwaju huisafisha vizuri. Suuza na ukaushe mara moja, maana asidi yake ikibaki kwenye mianya huacha ukijani. Na usiing'arishe hadi ikawa kama kitasa kipya cha benki.

Kitanda, ukikubali kubadilisha matumizi

Cha pili ni kitanda, na hapa naweka sharti. Samadari yenye nakshi za kichwani na nguzo za kukerezwa ni kitu cha fahari, lakini pima kwanza. Vitanda vya zamani havikutengenezwa kwa magodoro ya futi 5 kwa 6 wala 6 kwa 6. Wengi hugundua hilo mzigo ukishafika, kisha wanamwambia fundi "aongeze kidogo", na fundi anakata mifumbati ya asili, zile mbao ndefu za ubavuni. Kitanda kikishakatwa hivyo hakina tena bei ya kale.

Kitanda cha kamba ndicho chaguo la busara zaidi, na bei yake ni nafuu. Ile aina watu waliyoitania teremka-tukaze ilipata jina kwa haki: kamba ya makumbi hulegea, na mwenye kulala humo hushuka kuikaza. Kwa hiyo usikifanye kitanda. Kifanye kochi la barazani, mito mitatu minne ukutani, na kitakupa kazi ya miaka. Ukitaka kukilalia kweli, mwambie seremala atie chaga juu ya mifumbati badala ya kamba, na zikae tu bila kupigwa misumari, ili siku ukibadili nia fundi aweze kukiwamba upya.

Kukipima ni rahisi. Shika matendegu, yaani miguu ya kitanda, mawili yanayokabiliana kipembe uyatikise. Kikicheza kidogo, mfumbati umelegea ndani ya tundu la tendegu, na kabari nyembamba na gundi vinatosha. Kikicheza na ukaona misumari ya inchi nne imepigwa kupita kwenye kiungo, achana nacho, au toa bei ya kuni. Msumari hupasua ulimi wa mfumbati kwa ndani, na hilo halionekani mpaka kifunguliwe. Matendegu ya kukerezwa yenye miviringo ya rangi nyekundu na nyeusi yasiguswe msasa hata kidogo. Rangi ile ndiyo nusu ya thamani.

Mbao za jahazi

Meza, benchi na fremu za vioo zilizotengenezwa kwa mbao za jahazi au mashua kuukuu si samani za kale, ni samani mpya za mbao ya kale. Muuzaji mkweli atakuambia hivyo. Nimeziweka za tatu kwa sababu zinafaa sana nyumba za leo: mbao ni nene na ngumu, nyingine ni mbambakofi, rangi za buluu na kijani zimebanduka zenyewe kwa jua, na huogopi kuweka kikombe cha chai juu yake.

Cha kuangalia ni chumvi. Mbao iliyokaa baharini miaka mingi ikiletwa ndani bila kuoshwa hutoa jasho msimu wa mvua, na misumari ya chuma iliyobaki huvimba kutu na kupasua ubao. Uliza kama iliogeshwa maji baridi ikakaushwa kivulini, kisha pitisha ulimi penye pembe isiyopakwa kitu. Utaonekana kichaa, lakini utajua. Rangi ya zamani ya vyombo vya baharini yaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo isipigwe msasa mkavu, na meza ya watoto kulia chakula ifunikwe kioo au ipakwe mkono mmoja wa vanishi isiyong'aa.

Kiti cha enzi

Hapa wengi hutegemea nitakitia namba moja. Hapana. Kiti cha enzi cha zamani, cha mbao nyeusi, chenye migongo iliyowambwa uzi na kipago cha kuwekea miguu, ni nadra, na vile vyema viko makumbusho au kwa familia zisizouza. Vilivyo sokoni karibu vyote ni vipya, na mafundi wa Lamu bado wanavichonga vizuri. Ninachosema ni kununua kipya kwa bei ya kipya, kwa fundi unayemwona akifanya kazi. Keti juu yake kwanza: mgongo wake umesimama wima, hakikutengenezwa kwa mtu wa kutazama mpira.

Ukiletewa kinachodaiwa kuwa cha kale na kina vipande vyeupe vilivyopachikwa, vitazame kwa kioo cha kukuza. Mfupa una vitone na vistari vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo. Penye mkato wa kukingama ina mistari hafifu inayopishana. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mzaha na anayekutwa nazo bila kibali. Kiti cha mfupa wa ngamia kinapendeza vilevile na unalala usingizi.

Milango: iangalie, uiache

Mlango wa nakshi uliogeuzwa meza ya kulia chakula, kioo juu, umekuwa mtindo. Mimi nauweka mwisho kabisa, wala si kwa ajili ya bei. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inaulinda mlango au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Vitu vingine vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni mambo ya kale kisheria, makasha na vitanda vikiwemo, na kuvitoa Kenya kunahitaji kibali. Mwenye kumnunulia ndugu aliyeko Uingereza au Dubai azungumze na watu wa makumbusho kabla ya kulipa, si uwanja wa ndege.

Zaidi ya sheria kuna mji wenyewe. Lamu iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa kuwa ni mji wa Kiswahili uliohifadhiwa vizuri, nyumba zake zikiwa bado na vitu vyake. Kila mlango unaouzwa ni nyumba iliyobaki na tundu. Ukiupenda, muagize fundi wa nakshi akuchongee mpya wa kipimo cha nyumba yako. Utafungika na kufunguka, jambo ambalo meza haifanyi.

Kama mfuko ni mdogo, kuna vitu vidogo ambavyo havihitaji mjadala: mbuzi ya kukunia nazi, chano (sinia la mbao), au marufaa ya kusomea msahafu iliyochongwa kwa ubao mmoja, ikafunguka bila gundi wala bawaba. Marufaa nzuri inanishangaza kuliko viti vingi.

Ukishamchagua fundi

Kubaliana naye mapema kwamba randa haitapita juu ya uso wa zamani. Rangi iliyoiva iko juu juu tu, na randa ikipita mara mbili umebaki na mbao mpya ya gharama kubwa. Kujua kimepakwa nini, lowesha kitambaa kwa spiriti, sugua kidogo sehemu ya siri: ikiyeyuka na kunata, ni shelaki, nayo hufufuliwa bila kukwanguliwa. Isipoyeyuka, huenda ni vanishi ya siku hizi. Mwisho wa kazi taka nta au mafuta ya kitani yaliyopakwa membamba. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yasirundikwe pembeni, kwani hujipasha joto yenyewe hadi kushika moto. Yatandazwe nje yakauke. Na akitokea mzee wa kukushauri mafuta ya sifa, yale ya papa, mshukuru, lakini hayo ni ya majahazi, na harufu yake haitoki sebuleni.

Matundu ya wadudu si sababu ya kukimbia. Tandika gazeti chini ya kitu, kigonge kwa kiganja, urudi baada ya siku chache. Unga mpya mweupe ukiwa umedondoka, wadudu wako hai na dawa itiwe tundu kwa tundu kabla hakijaingia nyumbani karibu na vitu vingine.

Bei hupanda wakati wa Maulidi na Desemba mji unapojaa wageni. Mwezi wa Mei, mvua ikinyesha na mahoteli yakiwa matupu, muuzaji ana muda wa kukusikiliza.

Usafirishaji uingie kwenye hesabu tangu mwanzo: hamali au punda hadi gatini, boti hadi Mokowe ng'ambo ya maji, kisha lori. Kitanda kifunguliwe viungo na kila kipande kiandikwe chaki. Kasha lifungwe blanketi, funguo zisafiri na wewe. Kikifika bara penye hewa kavu, mbao iliyozoea unyevu wa bahari itasinyaa na huenda ikapasuka, kwa hiyo miezi ya kwanza usikiweke penye jua la dirisha, na usiruhusu fundi wa huko azibe ufa mdogo mpaka ubao umalize kutulia. Pima pia ngazi za fleti yako, hasa pale zinapokata kona.