Paipu ya kufunikia nyaya, kwa wenye paka wanaotafuna waya (uzoefu wangu)

Wenye paka watafuna waya hii ni yenu, maana mimi na Chausiku wangu tumehangaika sana. Alianza akiwa anabadilisha meno, kila mtu akaniambia muache ataacha mwenyewe akikua, sasa meno ya utoto kwa paka yanaisha kubadilika kwenye miezi sita hivi, yeye kashapita huko zamani na bado waya anautaka, hasa wa friji kwa sababu unaning'inia nyuma na kule nyuma kuna joto anapenda kulala. Nilipovuta friji nisafishe nikakuta vitobo vidogo viwili viwili vimejipanga kwenye waya, na sehemu moja mpira umeshaliwa shaba inaonekana. Hiyo ni volti 230 jamani, sio waya wa chaja ya simu. Nikazima ukutani, nikachomoa, fundi akabadilisha waya wote. Kuzungushia tepu nyeusi hapo hapana, paka anaibandua na kumeza.

Kwanza nilijaribu spray chungu ya duka la dawa za mifugo, zile zenye denatoniamu. Inafanya kazi kiasi, alilamba akatikisa kichwa akaondoka, lakini ikikauka uchungu unapungua inabidi upake tena na tena, na lazima uzime umeme kwanza upake kwa kitambaa, usipulizie karibu na soketi. Kuna walionishauri nipake shubiri kama wanavyopaka akina mama wanaoachisha mtoto ziwa, tafadhali msifanye hivyo, utomvu wa shubiri ni sumu kwa paka. Mafuta ya machungwa na ya limao nayo sio salama kwao.

Kilichonisaidia kweli ni ile paipu nyeusi ya plastiki yenye mikunjo mikunjo, imepasuliwa kwa urefu, ile mnayoiona inafunika nyaya kwenye injini ya gari. Nimeinunua Kariakoo upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea, wanakukatia kwa mita na bei yake haiumizi kabisa. Uzuri wake kwa vile imepasuliwa huhitaji kukata plagi, unaupachika tu waya kwa kidole taratibu mpaka mwisho. Mpasuo uelekeze ukutani, halafu funga na zile tai za plastiki kila baada ya urefu wa kiganja kilichotanuliwa hivi, na ile mikia ya tai ikate ifupike kabisa maana Chausiku alihamia kutafuna mikia. Chukua saizi inayobana kidogo, ikiwa pana sana anaingiza kucha anaupanua mpasuo.

Siku ya kwanza alikuja, akanusa, aking'ata jino linashika kwenye mkunjo lakini halifiki kwenye waya, na plastiki yenyewe ni ngumu haina ule ulaini wa mpira. Akajaribu jaribu kisha akaenda zake. Mpaka leo waya wa friji, wa feni na wa TV iko salama na mimi natoka kwenda kazini roho imetulia, kabla ya hapo nilikuwa nikifika mlangoni naita jina lake kwanza ndo nafungua.

Mapungufu yapo. Vumbi linajaa kwenye mikunjo, na kwa chaja ya simu haifai inakuwa ngumu haikunjiki, hizo mimi nachomoa naweka droo. Ya pasi pia chomoa tu. Na msirundike nyaya za vitu vinavyokula umeme mwingi kwenye paipu moja zitapata joto. Pembeni nimemwekea kipande cha ubao nimekizungushia kamba nene ya katani, jioni anaishambulia hiyo, naona imechangia pia.

Halafu hili naomba mlishike, ukimkuta paka ameng'ata waya na ameganda usimshike, zima meni swichi kwanza, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anatembea vizuri, kwa sababu maji yanaweza kujaa kwenye mapafu masaa kadhaa baadae, na mdomo unaweza kuwa umeungua ndani usione.

Paipu naipa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya vumbi na rangi, ingekuwepo nyeupe ingependeza ukutani.