Mawese ya njia ya Mwandiga: nyota nne, ya tano nimeibakiza

Nina kibanda cha chakula Tabora, si mbali na stesheni. Maharage, ugali wa muhogo, na mgebuka siku ukipatikana. Nusu ya wateja wangu ni Waha, watu wa Kigoma, na Muha akikaa kwenye benchi ananusa kwanza ndipo aagize. Ukimwekea maharage yaliyoungwa kwa mafuta meupe ya dukani atakula, atalipa, na kesho humwoni. Kwa hiyo mawese kwangu ni mtaji. Miaka yote nimenunua kwa wachuuzi wanaoshuka na madumu kwenye treni ya Kigoma, na wamenipiga vya kutosha. Mara dumu lina maji chini, ukiyatia kwenye sufuria ya moto yanaruka mpaka unakimbia jiko. Mara yamechacha, yanakwaruza koo. Mwezi uliopita nilikwenda Ujiji kwenye msiba wa shangazi, nikasema safari hii nanunua kinuni kwa mkono wangu.

Kinu sikitaji jina, maana mwenyewe alinipokea kwa heshima na kuna maneno huko mbele yatamuuma. Ni kimoja kati ya vile vya kando ya barabara ya Mwandiga: paa la bati lisilo na kuta, mapipa matatu juu ya mafiga, mashine moja ya dizeli inayotetemesha ardhi, na kina mama sita chini ya mwembe wakipukuchua chikichi. Nilifika asubuhi, nikawasalimia "Mwakeye", wakasogea nikakaa.

Kazi ile usiione kwenye picha ukadhani ni nyepesi. Kichala cha chikichi kina miiba. Kijana anakipasua kwa shoka, mama anachomoa tunda moja moja. Aliyekuwa karibu nami alikuwa amejifunga kitambaa kwenye kidole gumba, kimelowa rangi ya chungwa mpaka hujui kama ni mafuta au damu. Zikishapukuchuliwa zinachemshwa, zinaingia mashineni, kinachotoka kinarudi motoni, na mafuta yanapanda juu yakitokota taratibu. Hapo mtu anayaengua kwa kata. Harufu yake wakati ule ni tamu, kama malenge yaliyopikwa na kitu kingine nisichokijua jina.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha jambo ambalo miaka kumi na tano ya kununua haikunifundisha. Aliniambia: "Usiulize bei kwanza. Uliza chikichi zimelala siku ngapi." Vichala vikikatwa hufunikwa kwa magunia ili matunda yalegee. Vikilala sana kupukuchua kunakuwa rahisi, lakini mafuta yanachachuka, na ule mkwaruzo wa koo unatoka hapo. Za siku ile zilikuwa zimelala siku mbili. Nilionja kwa ncha ya kijiko: laini, hayana uchachu, yanaacha utamu nyuma ya ulimi.

Dumu la lita ishirini nilianza kutajiwa elfu themanini, tukamalizana elfu sabini na mbili. Risiti hakuna. Dumu lilikuwa la sabuni ya maji, wakalisuuza kwa maji moto mbele yangu, hilo nawasifu. Kifuniko siwasifu. Kabla ya kufika Uvinza kilikuwa kinavuja, na kanga yangu ya msibani ina doa ambalo nitazikwa nalo. Chukueni mfuko wa nailoni, ufungeni mdomoni mwa dumu kabla ya kukaza kifuniko.

Jikoni sasa wiki ya tatu. Rangi haijapauka. Asubuhi za baridi yanagawanyika, chini chengachenga nzito, juu mekundu yanayong'aa, na mteja mmoja alidhani nimechanganya na kitu. Hapana, ndivyo mawese halisi yalivyo, koroga, endelea. Kijiko kimoja na nusu kinaunga sufuria ya maharage ya watu kumi na wawili. Kwa ladha nyota tano bila kubishana.

Nyota niliyoibakiza iko nyuma ya kinu. Nilikwenda huko kutafuta choo nikakuta mfereji. Maji yaliyobaki kwenye mapipa yanamwagwa palepale, ya kahawia, yana povu na uvundo, yanateremka mpaka kwenye kijito, na chini kidogo mabinti wawili walikuwa wanafua. Pembeni kuna rundo la kuni lililonizidi kimo. Kweli wanachoma na makapi ya chikichi pamoja na vifuu, lakini havitoshi, na baiskeli za kuni zilikuwa zinaingia muda wote nikiwa pale. Ukipanda boti kutoka Kigoma kwenda kaskazini utaona kuni zinatoka wapi: vilima vya nje ya mpaka wa Hifadhi ya Gombe vina upara, ndani ya mpaka msitu. Mstari kama umechorwa kwa rula. Sokwe wa humo nao wanakula chikichi, nyama ya tunda tu, kokwa wanaiacha. Wao hawachemshi.

Najua mtu atasema basi mama, nunua ya dukani, meupe, safi. Soma dumu lake. Mengi ya yale meupe ni mawese vilevile, yameondolewa rangi na harufu, yamepanda meli. Indonesia na Malaysia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na mashamba mengi ya huko yamekaa palipokuwa msitu. Mwaka 2015 Indonesia iliungua hekta milioni 2.6, sehemu kubwa ardhi ya mboji ambayo ikishika moto inafuka chini kwa chini wiki nzima, na moshi ukafika Singapore. Hata jirani hapa, kisiwa cha Bugala kule Kalangala, Uganda, msitu umekatwa kupisha shamba kubwa la michikichi. Uchafu wa lile dumu jeupe upo, ila kijito chake hukioni. Na siku wakifunga bomba unaumia wewe: 28 Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje, ikafungua 23 Mei, na bei ilivyokuwa imepanda mwaka ule maandazi yangu yalipungua ukubwa mpaka watoto wa shule wakaniuliza kama ninaumwa.

Wala sisemi tuache mawese. Ekari ya mchikichi inatoa mafuta ambayo kwa alizeti utalima ekari kadhaa, sasa hizo ekari utazikata wapi? Na mti huu ni wa Afrika, haukuja na meli. Tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, aliposhika bango la michikichi Kigoma, kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha tenera, chotara wa aina mbili za michikichi, dura na pisifera, mwenye nyama nyingi na kifuu chembamba. Siri ya chotara huyo ilifumbuliwa mwaka 1941 Yangambi, Kongo, ng'ambo ya Tanganyika, ziwa letu. Pale kinuni zote nilizoziona zilikuwa dura za urithi, kifuu kama jiwe.

Jambo jingine lilinikaa. Nilimuuliza yule mama wa kidole analipwaje. Akacheka. "Chikichi ni za baba. Sisi tunabaki na kokwa." Jioni wanazipasua kwa jiwe, wanatoa mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa, na fedha ya mise ndiyo daftari na chumvi. Siku nzima ya miiba, malipo yake ni kile kilichobaki baada ya mafuta kutoka.

Kabla ya kuondoka nilimwita mwenye kinu pembeni, nikamwonyesha mfereji. Nikamwambia, mwanangu, chimba shimo, maji yatulie humo, yasifike kwa wale mabinti. Hakukasirika. "Shimo nitalichimba na nini, mama? Niongezee elfu mbili kila dumu." Njiani nikapiga hesabu: elfu mbili kwa lita ishirini ni shilingi mia kwa lita. Kwa sahani ya maharage haionekani hata kwa miwani.

Juzi nimemtumia hela ya madumu mawili kwa simu, na elfu nne juu, nikamwandikia ni ya shimo. Amejibu "sawa mama". Desemba nitashuka Kigoma kwa arobaini ya shangazi, na nikifika kinuni nitapita nyuma kwanza.