Humboldt au Marie Curie: uombe ufadhili upi baada ya uzamivu?

Umemaliza uzamivu wa fasihi, historia au isimu na unataka kwenda kutafiti Ulaya. Majina mawili hutajwa sana: Humboldt ya Ujerumani, na Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya.

Linalonigusa zaidi ni muda. Humboldt hupokea maombi mwaka mzima, ila kwa daraja lake la waliomaliza uzamivu karibuni, uwe umepata shahada hiyo ndani ya miaka 4 iliyopita. Kwa mhadhiri mwenye madarasa yaliyofurika, miaka hiyo huyeyuka upesi mno; nimewaona watafiti hodari wakiikosa hivihivi. Marie Curie hufungua dirisha mara moja kwa mwaka, kwa kawaida likifungwa Septemba, lakini huruhusu hadi miaka 8.

Marie Curie ina sharti la makazi: usiwe umeishi nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Tena andiko lako la maombi likipata alama za chini mno, huruhusiwi kurudi mwaka unaofuata na chuo kilekile. Usilipeleke likiwa bichi.

Zote mbili zinadai mwenyeji, yaani profesa wa chuo cha huko atakayekupokea, na hapo ndipo kazi ilipo. Kwa Kiswahili, vyuo vikuu vya Bayreuth na Hamburg, Ujerumani, vina wataalamu wa miaka mingi. Napoli nayo ipo, lakini kwa Marie Curie tu, kwa kuwa iko Italia. Mwandikie profesa mapema, umweleze swali lako la utafiti kwa aya mbili, si wasifu mrefu.

Kama shahada yako bado mbichi, mimi ningeanza na Humboldt.