Faundesheni za ngozi nyeti yenye madoa: nimezipanga, ipi uanze nayo na ipi uiache

Kama uso wako unawaka ukibadilisha hata sabuni tu, halafu na rangi nayo hailingani, yani paji la uso lina weusi wake, mashavu yana wekundu au alama za chunusi zilizopona, kuzunguka mdomo kuna kivuli kisichoondoka, basi najua unavyonunua faundesheni, maana na mimi nilinunua hivohivo miaka mingi: unatafuta inayoziba kila kitu. Nzito kabisa. Unapaka, madoa yanapotea, unafurahi siku mbili, ya tatu ngozi inaanza kuwasha, vipele vinatoka, vikipona vinaacha madoa mapya na sa unahitaji nzito zaidi ya kuyaziba hayo. Mduara huo nimeuzunguka sana, na kuna moja niliyonunua kwa kusifiwa ilinivimbisha kope mpaka nikalala na kitambaa cha maji baridi usoni.

Siku hizi nanunua kwa kuuliza maswali matatu kwa mpangilio huu na ndo niliotumia kuzipanga hizi hapa chini. Ngozi itaivumilia? Rangi inaendana? Inaziba kiasi gani? Kuziba ni la mwisho kwa sababu doa lina konsila yake, yani krimu ya kufunika sehemu ndogo tu, ila ngozi iliyochachamaa haina cha kuifunika, ukipaka juu ya ngozi inayobanduka hata faundesheni nzuri kiasi gani itashika kwenye magamba na kuyaonyesha zaidi.

1. Sanskrini ya madini yenye rangi

Najua ulitegemea nianze na faundesheni yenyewe. Nisikilize kwanza. Rangi iliyomo kwenye sanskrini hizi, yani krimu za kukinga jua, inatokana na oksidi za chuma, kwenye lebo utaziona zimeandikwa Iron Oxides au CI 77491, CI 77492 na CI 77499, ndo nyekundu, njano na nyeusi. Hizi oksidi zinazuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, kitu ambacho sanskrini nyingi zisizo na rangi hazikifanyi vizuri, na mwanga huo unaongeza weusi kwenye mabaka hasa kwa sisi wenye ngozi ya kahawia na nyeusi. Kwa hiyo mtu mwenye melasma, yale mabaka yanayotokea sana wakati wa ujauzito, au alama za chunusi zisizofutika, anapaka kitu kimoja kinacholinganisha rangi leo na kuzuia doa lisizidi kukolea. Faundesheni nazo zina oksidi hizo, lakini tunapaka kidogo mno. Kipimo cha SPF, yani cha kinga ya jua, kinachoandikwa kwenye chupa kimepimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na hakuna mtu anayepaka faundesheni nene kiasi hicho, kwa hiyo ile SPF ya kwenye faundesheni ihesabu kama nyongeza tu.

Kinga yenyewe humo ndani ni zinki oksaidi au titani dioksaidi. Ngozi nyeti nyingi zinazivumilia kuliko vichujio vya kemikali ambavyo kwa wengine vinachoma machoni. Shida yake ni moja na ni kubwa: shedi, yani rangi za kuchagua, ni chache, tatu nne hivi, na zinki na titani ni unga mweupe, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi unatoka kijivu kama mtu aliyejipaka majivu. Ukikuta shedi yako nunua bila kusita. Usipoikuta usijilazimishe, shuka namba mbili, na chini yake paka sanskrini yoyote ambayo uso wako umeshaizoea.

2. Faundesheni nyepesi ya majimaji, isiyo na manukato

Hii ndo wengi mtaishia nayo na mimi ndo ya kila siku. Inaziba kidogo mpaka wastani, unaona bado ni ngozi yako, unaongeza tone pale penye shida. Kazi yote iko kwenye kusoma lebo, na lebo inasomeka kirahisi ukijua pa kuangalia: viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, vile vilivyo chini ya asilimia 1 ndo vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni.

Anza na manukato. Tafuta neno Parfum au Fragrance, ukiliona rudisha. Angalia na mafuta ya mimea yenye harufu, Linalool, Limonene, Citronellol, hizo nazo ni harufu hata kama chupa imechorwa majani na kuitwa ya asili. Na kuna hili linalowachanganya watu wengi: unscented na fragrance-free si kitu kimoja. Fragrance-free maana yake hawajaweka manukato. Unscented inaweza kuwa na manukato yaliyowekwa ili kufunika harufu ya viungo vingine, pua haisikii kitu lakini ngozi inasikia.

Neno hypoallergenic nalo lisikutulize. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitoa kanuni mwaka 1975 ya kutaka makampuni yathibitishe kwa vipimo kabla ya kuliandika, kanuni ikapelekwa mahakamani na mwaka 1977 ikabatilishwa, tangu hapo huko kila kampuni inalitumia kwa maana yake yenyewe. Geuza chupa usome nyuma, mbele ni matangazo.

Vihifadhi: faundesheni yenye maji lazima iwe navyo la sivyo inaota bakteria, kwa hiyo usitafute isiyo na kihifadhi kabisa. Ila Methylisothiazolinone iepuke, imesababisha aleji nyingi mpaka Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi kuanzia 2017. Na Alcohol Denat ikiwa kwenye majina matano ya kwanza ngozi kavu itakauka zaidi, kama una pumu ya ngozi hiyo hata usiifikirie.

Silikoni kama Dimethicone watu wanaiogopa bure kwa maoni yangu. Ngozi nyeti nyingi inakaa nayo vizuri, inateleza, hausugui wakati wa kupaka. Kitu cha kuangalia ni kuilinganisha na unachopaka chini, praima (ile inayopakwa kabla ya faundesheni) ya maji na juu yake faundesheni ya silikoni mara nyingi vinakataana, inaviringika vipande vipande kama uchafu wa raba ya kufutia, unadhani faundesheni ni mbovu kumbe ni huo ugomvi tu. Ngoja kilicho chini kikauke dakika kadhaa, halafu gandamiza na sponji yenye unyevu badala ya kuvuta.

3. Poda ya madini

Kwa ngozi ya mafuta inayowasha hii ningeipandisha mpaka namba mbili. Ina viungo vichache, wakati mwingine vinne vitano tu: mika, zinki, titani, oksidi za chuma. Haina maji, kwa hiyo haihitaji vihifadhi vingi. Unapaka kwa brashi tabaka jepesi, unazungusha, unaongeza.

Ila kuna kiungo kimoja kimewaharibia wengi jina la poda za madini nacho ni Bismuth Oxychloride, CI 77163, kinachoipa poda ule mng'ao wa lulu. Kinawawasha watu hasa wakitoka jasho. Kama uliwahi kupaka poda ya madini ukawashwa ukaapa hutarudia, kaangalie lebo kama hicho kimo, kisha ujaribu isiyo nacho. Ngozi kavu inayobanduka ipite hii, poda inakaa juu ya magamba. Na brashi uioshe kila wiki, mwenye chunusi asilete uvivu hapo.

4. Kushen

Hii ni faundesheni ya majimaji iliyolowekwa kwenye sponji ndani ya kikopo cha kubeba. Ni nyepesi, inabebeka, inapakika haraka. Ila nyingi zina manukato, shedi zimejaa upande wa ngozi nyeupe, na kile kisponji unakigusisha usoni unakirudisha ndani kila siku, unyevu na vijidudu vyote humo. Ukiipata isiyo na harufu na una kisponji cha kubadilisha, sawa.

5. Stiki na krimu nzito

Sizinunui kama faundesheni, nazinunua kama konsila na hapo zinafaa sana. Stiki ina nta na rangi nyingi, ukiipaka uso mzima inaziba vinyweleo kwa wenye chunusi, lakini ukiigusisha kwenye doa tu, ukapigapiga na kidole pembezoni, doa linaondoka na sehemu nyingine ya uso inapumzika. Stiki moja kama hiyo ikiwa juu ya namba moja au mbili, hauhitaji faundesheni nzito tena.

Kwa madoa meusi kwenye ngozi nyeusi tanguliza kitone cha rangi ya chungwa chini ya konsila, ngozi ya maji ya kunde au nyeupe tumia ya pichi. Bila hicho konsila ya kawaida juu ya doa jeusi inatoka kijivu. Kijani ni ya wekundu kama wa rozasea, ugonjwa wa ngozi unaowekundisha uso, ila kwenye ngozi nyeusi sana kijani nayo inaleta ukijivu, mi ningeiacha.

6. Nzito, matte (isiyong'aa), ya kukaa saa 24

Nimeiweka mwisho na sababu kubwa ni jinsi inavyotoka. Imetengenezwa ishike, kwa hiyo usiku unasugua, unatumia rimuva kali, unasugua tena, na ngozi nyeti inaumizwa zaidi na huo msuguano kuliko hata na faundesheni yenyewe. Una harusi, una picha, paka, halafu toa kwa mafuta au bamu ya kusafishia, uache iyeyuke yenyewe kabla ya kugusa na kitambaa. Kila siku hapana.

Shedi sasa, uso ukiwa na rangi mbili tatu

Swali ninaloulizwa sana: nilinganishe na wapi, paji la uso au mashavu? Mimi nasema na shingo. Ukifuata sehemu nyeusi uso wote unakuwa na giza, ukifuata sehemu nyeupe unakuwa na barakoa. Chora mistari ya shedi tatu kuanzia mwisho wa taya kushuka shingoni, toka nje kwenye mwanga wa mchana, ule unaopotea ndo wako. Kisha usilipe bado. Tembea saa moja mbili, kwa sababu faundesheni nyingi zinabadilika zikikutana na mafuta ya ngozi, zinakolea au zinaelekea uchungwa, iliyokuwa sawa kwenye kioo cha duka inaweza kuwa shedi nzima juu.

Andatoni, yani rangi iliyo chini ya rangi ya ngozi, ndo inaamua kama utaonekana hai au umepauka. Ile mbinu ya kuangalia mishipa ya mkononi kama ni kijani au bluu mi siiamini, kwa ngozi nyeusi mishipa mara nyingi haionekani vizuri. Mistari ya tayani inakuambia yenyewe: ikitoka waridi kwako wewe ni wa njano au dhahabu, ikitoka ya chungwa tafuta isiyoegemea popote au yenye wekundu kidogo. Uzuri sasa chaguo zipo. Fenty Beauty ilipotoka 2017 na shedi 40 kwa mara moja iliyalazimisha makampuni mengine yaongeze shedi za ngozi nyeusi, zamani tulikuwa tunachanganya mbili tatu kwenye kiganja.

Kuijaribu bila kuumia

Testa ya dukani usiipake usoni, vidole vya watu wengi vimepita hapo. Omba sampuli kwenye kikopo kidogo. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani, wanashauri kupaka bidhaa mpya sehemu ndogo kama kwenye kunjo la kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 mpaka 10, na usioshe haraka. Najua ni ndefu na una hamu. Fanya tu, maana aleji ya kugusa haiji palepale, inaweza kuchelewa siku mbili tatu na zaidi, ndo maana watu wanapaka mara moja, hawaoni kitu, wananunua chupa kubwa. Baada ya kiwiko nenda nyuma ya taya siku mbili tatu, ndo uso mzima. Na katika muda huo usianze serum mpya wala sabuni mpya, na kama umeanza retinoidi (dawa za ngozi za jamii ya vitamini A) na uso unabanduka subiri utulie kwanza, la sivyo hutajua nani kakuunguza.

Ukishafungua chupa angalia kile kialama cha kopo lililo wazi kwenye lebo, 12M ni miezi 12 tangu kufungua, andika tarehe kwa kalamu chini ya chupa. Ikibadilika harufu au ikijitenga na haichanganyiki tena, itupe hata kama muda haujaisha.

Ila kama imekuwasha, imekuvimbisha au imetoa malengelenge, osha, acha kupaka kila kitu, na hiyo chupa usiitupe. Piga picha lebo nzima, nenda nayo kwa daktari wa ngozi umwombe kipimo cha aleji cha kubandika viraka mgongoni, hapo unapata jina la kiungo chenyewe na lebo inayofuata utakuwa unajua neno gani unalitafuta.